Kishonanguo kwenye sweta: kitoe upande kilikoelekea

Mvua za masika zikishakatika na mahindi yakaanza kukauka shambani, kishonanguo nacho hukomaa. Ni kile kigugu chenye maua madogo ya kitovu cha njano, ambayo baada ya wiki chache hugeuka vichwa vya sindano nyeusi zilizochanua kila upande. Mtoto akikatiza njia ya mkato kutoka shuleni kule Lushoto, Njombe au Limuru, hufika nyumbani mikono ya sweta imejaa, soksi zimejaa, na pindo la sketi limeshonwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Huko ni kwenye baridi, kwa hiyo nguo za kila siku ndizo hizo zenye manyoya: masweta ya kufuma, majaketi ya mitumba, kofia za sufu, blanketi la kujitanda asubuhi. Hakuna nguo zinazonasa mbegu hii kuliko hizo.

Nyumba nyingi huitosa nguo hiyo kwenye beseni la maji ya sabuni, kwa matumaini kwamba kusugua kutamaliza kazi. Hapo ndipo kazi inapoharibika. Mbegu hazitoki, zinahama. Zinatoka kwenye sweta na kuingia kwenye fulana na chupi zilizokuwa beseni moja, na huko ndiko kuchoma kwake kunakosikika vizuri. Zilizobaki kwenye sweta nazo zinazidi kuzama, kwa sababu ya jinsi zilivyoumbwa.

Chukua mbegu moja uiweke kiganjani, na kama una lenzi ya kukuzia, itazame nayo. Utaona kijiti cheusi chenye kingo, urefu wake sentimita moja hivi, chembamba kuliko njiti ya kiberiti. Kwenye ncha yake moja kuna pembe mbili au tatu, rangi yake njano iliyofifia, kila moja milimita mbili hadi nne. Pembe hizo ndizo zenye mambo yote. Zimeota vijimiba mwili mzima, na vijimiba hivyo vyote vimelala kuelekea nyuma, upande wa kijiti, kama chembe cha mshale wa mwindaji. Pembe ikisukumwa mbele, vijimiba hulala na kupita katikati ya nyuzi bila shida. Ikivutwa nyuma, kila kijimiba hukamata uzi ulio karibu nacho, na kadiri unavyotumia nguvu ndivyo uzi unavyozidi kukaza.

Mmea wenyewe kitaalamu huitwa Bidens pilosa, jina ulilopewa na Carl Linnaeus mwaka 1753, na uko katika ukoo mmoja na alizeti. Asili yake ni nchi za joto za bara la Amerika. Leo umeenea karibu kila mahali penye joto duniani, na hauna bawa la kupeperushwa na upepo wala tunda tamu la kumvuta ndege. Umesafiri kwa manyoya ya wanyama, kwa mbegu za mazao zilizochanganyika nao, na kwa nguo zetu. Wataalamu wa magugu wanakadiria kwamba mmea mmoja uliostawi unaweza kutoa mbegu 3,000 hadi 6,000, kwa hiyo anayekatiza kwenye konde lililoachwa msimu mmoja asishangae anachotoka nacho.

Upande wa pili wa ugomvi huu ni kitambaa. Shati la tetroni limefumwa kwa nyuzi zilizobanana, na mbegu ikiligusa hupata nafasi chache za kupenya. Nguo ya manyoya imetengenezwa makusudi iwe na nafasi. Chukua flisi, kile kitambaa chepesi cha majaketi ya mitumba. Ni poliesta, yaani plastiki iliyovutwa ikawa nyuzi. Hufumwa kwa vitanzi, kisha mashine hukwaruza vitanzi hivyo na kuvikata hadi uso wote ufurike manyoya. Kitambaa hiki kilianza kutengenezwa na kiwanda cha Malden Mills huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979. Manyoya yake hushika hewa, na hewa iliyotulia ndiyo inayotunza joto la mwili. Nafasi hizo hizo za hewa ndizo mlango wa pembe za kishonanguo.

Sufu ya kondoo ina tabia ya ziada. Kila unywele wake umefunikwa na magamba madogo sana. Ukiutia maji ya moto na sabuni kisha ukausugua, magamba ya unywele mmoja hushikana na ya mwingine, nyuzi zinajifunga, na sweta hunywea mpaka lisimwenee mwenyewe. Kama kulikuwa na mbegu ndani, sasa imezungushiwa ukuta. Masweta mengi ya shule kwetu si ya sufu bali ya akriliki, ambayo haina magamba. Hilo ni afueni, lakini kuyakamua kwa kuyanyonga, kama tunavyokamua nguo zote, huzisokota nyuzi kuzunguka zile pembe. Wenye mashine za kufulia hali yao si bora: mbegu hujificha kwenye mpira wa mlango na kwenye chujio, zikangoja nguo za wiki ijayo.

Kwa hiyo maji yasubiri. Nguo ikiwa imelowa umande, itundike kwenye kamba ikauke kwanza, kisha itandaze juu ya gazeti au sinia pana ili kila kinachoanguka kionekane. Mwanga uwe wa kutosha, kwani sindano nyeusi kwenye sweta la bluu iliyokoza haionekani jioni.

Kabla ya kuigusa mbegu yoyote, angalia imeelekea wapi. Kwenye sweta la kufuma, ingiza mkono ndani ya nguo upapase. Mara nyingi pembe zimeshatokeza upande wa pili, na ndizo hizo zinazomchoma mvaaji. Basi igeuze nguo ndani nje, ishike mbegu kwa zile pembe, na uivute huko huko ilikokuwa inaelekea. Vijimiba vitalala, kijiti chembamba kitafuata nyuma, na uzi hautakatika. Fundi wa nguo akiona unaivuta kwa mkia atakuzuia, kwa sababu anajua kinachofuata: kijiti kilichokauka kinakatika, pembe zinabaki ndani, na pembe zisizo na kijiti ni taabu kuzitafuta kuliko mbegu nzima.

Kwenye flisi nene au blanketi, pembe huwa hazijafika upande wa pili. Hapo tumia kibanio, kile cha kung'olea nyusi kinatosha. Bana pale pembe zinapoungana na kijiti, wala usishike mkia. Isukume mbele kidogo, milimita moja au mbili, ili vijimiba viachie vilichokamata. Kwa mkono wa pili, zisogeze nyuzi pembeni kwa sindano butu au mswaki wa zamani, kisha inua. Ukiifanya mara moja, kidole kinaelewa chenyewe. Jambo la ajabu ni kwamba kusukuma mbele, kitu ambacho akili inakataa, ndiko kunakoifungua.

Hayo ni kwa mbegu chache. Sweta likiwa limejaa mbegu tele, hakuna mwenye muda wa kuzing'oa moja moja. Livute likaze juu ya ukingo wa meza au juu ya goti, tazama mbegu nyingi zimelala upande gani, kisha kwangua kwa mgongo wa kisu au kadi ya plastiki ngumu kutoka kwenye mikia kwenda kwenye pembe. Nyingi zitaanguka, na zitakazobaki zinarudi kwa kibanio. Kitana cha kutolea chawa hufanya kazi nzuri kwenye flisi na blanketi, mradi upitishe polepole. Wembe uuache. Unakata mbegu na vitanzi vya nguo kwa pamoja, na sweta lililokatwa kitanzi kimoja haliishii hapo.

Selotepu inasifiwa kuliko inavyostahili. Haina nguvu ya kushindana na vijimiba. Kazi yake ni mwisho kabisa, kukusanya vipande vya majani makavu, makapi na vumbi baada ya pembe kutoka. Wapo pia wanaopitisha njiti ya kiberiti juu ya sweta wakitaka kuunguza mbegu. Akriliki hushika moto upesi na ikiyeyuka hunata kwenye ngozi, na poliesta huyeyuka kwenye nyuzijoto 260 hivi, wakati moto wa kiberiti umepita hapo mbali. Usijaribu hata kwa nguo isiyovaliwa.

Kusugua kwa brashi ngumu nako kuna gharama isiyoonekana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa nguo moja ya poliesta inaweza kumwaga nyuzi zaidi ya 1,900 katika ufuaji mmoja wa mashine. Nyuzi hizo ni plastiki, na huishia kwenye maji. Mtu akilisugua jaketi kwa nguvu mpaka lionekane limechakaa, asidhani kilichotoka ni uchafu tu.

Si kila kinachong'ang'ania nguo ni kishonanguo, na kosa la pili baada ya kukimbilia maji ni kuzitendea mbegu zote namna moja. Wakulima wa magharibi ya Kenya wanaopanda desmodiamu katikati ya mahindi wanalijua hili. Mmea huo ni sehemu ya kilimo cha kusukuma na kuvuta kilichobuniwa kuanzia miaka ya 1990 na kituo cha utafiti cha ICIPE cha Kenya pamoja na kile cha Rothamsted cha Uingereza: desmodiamu hufukuza nondo wa bungua na kuzuia kiduha, huku nyasi za matete zilizopandwa ukingoni zikiwavuta nondo hao. Faida yake shambani ni kubwa. Lakini maganda yake yakikauka hukatika vipande vipande, na kila kipande kina vinyweleo vilivyopinda nchani kama kulabu, hata majani yake hunata kwenye suruali. Hapa hakuna kilichopenya. Kulabu zimeshika manyoya ya juu tu, kwa hiyo kusukuma mbele hakusaidii. Zikwangue kwa kadi ukiwa umeibana kadi karibu na kitambaa, na kwa vipande hivi selotepu ya kufungia maboksi inafaa kweli.

Kulabu za namna hiyo ndizo zilizompa wazo mhandisi wa Uswisi, George de Mestral. Mwaka 1941 alirudi kutoka kuwinda kwenye milima ya Alps, yeye na mbwa wake wakiwa wamejaa matunda ya mmea uitwao Arctium. Alipoyatazama kwa hadubini aliona kulabu zilizojipachika kwenye vitanzi vya nguo, na mwaka 1955 alipata hataza ya Velcro, ile gundi kavu ya viatu vya watoto na mikoba. Iangalie ukiipata iliyotumika sana: upande wa kulabu umejaa manyoya ya sweta. Nayo inasafishwa kwa kitana.

Aina ya tatu ndiyo ya kuogopwa. Katika nyika za wafugaji huota nyasi ambazo mbegu zake zina ncha kali mbele na mkia mrefu nyuma. Mojawapo ni Heteropogon contortus. Mkia huo ukiwa mkavu umejisokota. Ukipata unyevu hujifungua, ukikauka hujisokota tena, na kila mzunguko unaizungusha ile ncha na kuizamisha zaidi. Mmea umeumbwa hivyo ili mbegu ijichimbie udongoni yenyewe. Sasa fikiria mbegu hiyo iko kwenye soksi, nawe unailoweka, unaianika, kesho mtoto anatokwa jasho ndani yake. Mbegu hizi hutoboa hata ngozi ya kondoo. Soksi au blanketi lenye nyasi hizi halitiwi maji kabisa hadi ncha ya mwisho itolewe kwa kibanio, kwa kuivutia upande wa ncha.

Viwanda vya sufu vimepambana na tatizo hili kwa muda mrefu kuliko sisi na masweta yetu, na njia waliyoipata ni ya kikemia. Sufu ni protini, sawa na nywele na kucha. Mbegu na majani ni selulosi. Kiwandani sufu chafu hupitishwa kwenye asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, kisha hukaushwa kwa joto. Asidi huichoma selulosi ikabaki mkaa unaosagika, sufu ikabaki nzima, halafu roli huuponda ule mkaa na vumbi lake likakung'utwa. Si jambo la kufanywa nyumbani. Asidi hiyo huchoma ngozi na macho, na nguo ya pamba ingeishia kuwa mkaa pamoja na mbegu, maana pamba nayo ni selulosi.

Kabla ya kufika kiwandani, mbegu hizo zilikuwa zimevuka bahari. Mji wa Galashiels huko Scotland ulikuwa ukifua sufu kutoka Australia, Amerika Kusini na Afrika Kusini, na maji machafu yakaingia mtoni mpaka mto Tweed. Mwanamama mmoja aliyeitwa Ida Hayward alianza kuchunguza mimea migeni iliyoota kingoni mwa mto, na mwaka 1919, pamoja na George Claridge Druce, akachapisha kitabu kilichoorodhesha aina 348. Zote zilifika zikiwa zimenasa kwenye manyoya ya kondoo.

Turudi nyumbani, kwenye ngozi ya mvaaji. Pembe ya kishonanguo iliyovunjikia kwenye soksi hukwaruza sehemu ile ile siku nzima, mtoto anajikuna, na kucha chafu zinamaliza kazi. Kidonda chenyewe huwa kidogo. Osha kwa maji na sabuni, chemsha kibanio, bana karibu kabisa na ngozi na uvute polepole kwa mshazari ule ule ilioingilia. Ikikatikia ndani au ikiwa imezama, usichimbe kwa pini, nenda zahanati. Mikwaruzo ya shambani huingiza udongo, na udongo ndimo viini vya pepopunda vinamokaa, kwa hiyo jikumbushe chanjo yako ulipata lini. Kwa mwenye kisukari, hasa ambaye nyayo zake zimepoteza hisia, soksi zikaguliwe kwa mkono kabla ya kuvaliwa. Anaweza kutembea na pembe kumi asisikie hata moja.

Jicho ni habari nyingine. Watoto hurushiana vichwa vya kishonanguo, ni mchezo wa siku zote. Mbegu ikimpata mmoja jichoni, asilisugue. Limiminie maji safi kwa wingi, na kama mbegu imechoma au jicho linabaki jekundu na kuuma, usiiguse kwa kibanio wala kitambaa, mpeleke hospitali akiwa amefunikwa jicho bila kulikandamiza.

Anayekagua nguo zilizotoka porini akague na kupe papo hapo, kwa sababu njia iliyompa mbegu ndiyo iliyompa kupe. Wachanga wao ni wadogo kama chembe ya mchanga, na kwenye manyoya hudhaniwa ni makapi. Baadhi ya kupe wa Afrika hueneza homa yenye maumivu makali ya kichwa na kidonda chenye kigaga cheusi pale waliponyonya. Aliyekwisha kujishika kwenye ngozi abanwe karibu na kichwa na avutwe moja kwa moja, bila mafuta ya taa wala kiberiti.

Yupo pia inzi aitwaye Cordylobia anthropophaga, ambaye hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, na kwenye mchanga wenye harufu ya mkojo. Funza wake huingia kwenye ngozi ya anayevaa na kuota kama jipu. Kuanika nguo kwenye majani au juu ya ua wa miti kunakuletea mambo mawili kwa mkupuo, mbegu na funza. Kamba juani ni bora. Nguo za pamba zipigwe pasi ya moto pande zote mbili na kwenye mishono. Sweta la akriliki halivumilii pasi hiyo, kwa hiyo kama lilianikwa kivulini ni heri likae bila kuvaliwa kama wiki mbili.

Zimebaki zile mbegu kwenye gazeti. Wengi huzikung'utia uani, na hiyo ni sawa na kuzipanda, kwa sababu kishonanguo huota vizuri kikiwa juu ya udongo penye mwanga. Kikifukiwa chini ya sentimita nne hakichomozi kwa urahisi. Zichome jikoni pamoja na gazeti lake, wala usizitie kwenye lundo la mboji lisilopata joto. Na kama njia ya kwenda shuleni inapita konde lako, palilia kabla maua hayajakauka. Majani yake machanga wala hayaendi bure: sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki na Kusini hupikwa kama mboga, yakachemshwa kwanza na maji yale kumwagwa ili kupunguza uchungu. Mmea ukishatoa sindano, hata mbuzi wanaukwepa, na kibanio cha sweta kinarudi kazini.